Wastani wa Mwalimu Gerishon

Jumatatu, 1 Oktoba 1956

Leo nimeamua kuwa msimamizi wa shule za wilaya. Nafasi ipo. Mzee aliyekuwa nayo amestaafu, amerudi kwao na mgongo wake mbovu. Msimamizi hupewa baiskeli na koti la mvua, lile refu lenye vifungo vya shaba. Nimelipima kwa macho mara nyingi. Litanitosha.

Bwana Hollis wa ofisi ya elimu Thika alipita shuleni kwetu Ruiru asubuhi. Alisema nafasi haitakwenda kwa mwenye kelele. Itakwenda kwa mwalimu atakayeonyesha kwa hesabu kwamba ufundishaji wake unazaa matunda. Kisha akaniazima kitabu. Mimi! Si Mwalimu Wakonyo, ingawa alikuwa amesimama hapo hapo na mwiko mkononi. Wakonyo anafundisha darasa la nne B, mimi la nne A. Kila siku saa nne huwapikia watoto wake uji. Nimesoma vitabu vitatu vya ualimu na hakuna hata kimoja kinachotaja uji.

Kitabu ni cha Kiingereza. Nimesoma kurasa tisa, nimeelewa mbili.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimeelewa! Nilipiga meza, chai ikamwagika, mke wangu Wamboi akauliza kama kitabu hicho kitamletea kuni.

Ni hivi. Mtu wa kawaida hudhani ukitaka kujua mwalimu bora unatafuta wastani wa kila darasa, mwenye wastani mkubwa kashinda. Hayo ni mawazo ya sokoni. Mtaalamu anapima mambo mawili. Kwanza, wastani wa darasa hili na lile unatofautiana kiasi gani. Pili, ndani ya darasa moja watoto wanatofautiana kiasi gani wao kwa wao. Cha kwanza unakigawanya kwa cha pili. Jibu linaitwa F. Likipita tatu na kidogo, tofauti ya walimu ni ya kweli. Likiwa dogo, ni bahati tu, na walimu wote ni wale wale.

Kwa makundi mawili kuna njia nyepesi. Mimi nataka nzito. Kundi la tatu litakuwa darasa la nne la Mwalimu Muthoka, Thika. Huyu ni Mkamba wa upande wa mashariki, mtu mpole, kila mtu anampenda, jambo ambalo mimi hulitilia shaka. Anafundisha hesabu kwa vizibo vya soda. Watoto wake hucheka darasani! Na yeye anaitaka ile nafasi, ingawa anasema haitaki.

Kundi A ni langu, B la Wakonyo, C la Muthoka. Watoto ishirini na wanne kila kundi. Mungu mwenyewe amepanga.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mtihani wa majaribio umefanyika, karatasi moja kwa makundi yote matatu. Wangu walifanya kimya, isipokuwa Ngendo.

Ngendo ana miaka kumi na mmoja. Baba yake amewekwa kizuizini kwenye kambi ya Manyani, sasa mwaka wa tatu. Nyumba yao ya zamani ilibomolewa, wakahamishiwa kijiji kipya, na mama yake hushinda kwenye kazi ya lazima akichimba handaki. Mtoto huja shuleni bila kitu tumboni. Leo alijibu maswali matatu, akalala juu ya la nne. Nilimhurumia, nikamwacha alale. Kitaalamu hilo lilikuwa kosa langu.

Mwezi ujao ndio mtihani wenyewe wa kutoka darasa la nne. Ukipita, unaendelea la tano. Ukianguka, shule imekwisha, unakwenda kuchuma kahawa. Mama Ngendo alinishika mkono kanisani mwezi uliopita. Aliniambia mumewe, walipokuwa wakimpandisha lori, hakuagiza habari ya mbuzi wala shamba. Aliagiza mtoto asome. Nikamwambia aniachie mimi. Nilisema kwa sauti ya msimamizi.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi mezani. Nimekokotoa alama sabini na mbili. Kila moja nimeitoa kwenye wastani, kila tofauti nimeizidisha kwa yenyewe. Nimemaliza penseli nzima.

Wastani wa A ni 54. Wa B, 51. Wa C, 49. Nimeongoza! Nikamwita Wamboi aje aone. Kisha nikakokotoa F.

0.53. Ngai! Hata moja haikufika!

Nimerudia mara tatu. Ni ile ile. Maana yake mbele ya sayansi mimi, mwenye cheti cha ualimu, ni sawa na Wakonyo asiye na cheti na Muthoka wa vizibo. Nimeona sababu. Watoto wangu wametawanyika mno. Mmoja ana 88, Ngendo ana 12. Hawakuniangusha kwa kushindwa, wameniangusha kwa kutofanana.

Kuna jambo moja la ajabu. Niliandika majina ya sita wa chini pembeni. Wote sita wanatoka kijiji kipya, na wote sita baba zao hawapo. Nimelitazama kwa muda. Lakini kitabu hakina safu ya jambo kama hilo, nikaliacha.

Wamboi alisema chakula kimepoa. Nilikula nikiwa na huzuni.

Jumatatu, 15 Oktoba

Samaki mmoja akioza wote wameoza. Wahenga walijua sayansi.

Nimewaondoa wale sita. Si darasani! Mimi si mnyama. Waliketi kwenye madawati yao kama kawaida, na Ngendo nilimwazima hata kifutio. Nimewaondoa kwenye karatasi tu. Tena kuna sababu nzuri: mtoto aliyelala hakufanya mtihani, na mtoto mwenye njaa ni kama mgonjwa, na mgonjwa hapimwi pamoja na wazima. Nimeandika sababu hizo hapa ili nizikumbuke nikiulizwa.

Wamebaki kumi na wanane. Wastani wa A umepanda, 65. Na F? Nilifumba macho kabla ya kugawanya hatua ya mwisho.

9.8! Tisa nukta nane! Nilicheka peke yangu hadi Waweru, mtoto wetu, akaja kuona kuna nini.

Nimenakili yote kwa wino mweusi na rula. Juu nimeandika "Darasa la Nne A, Ruiru", chini majina kumi na manane kwa mpangilio wa alfabeti na alama zao. Bwana Hollis anapenda karatasi safi. Nimeituma Thika kwa posta.

Jumamosi, 27 Oktoba

Wakonyo ameanza kufundisha Jumamosi bila kulipwa, mtoto yeyote aje, wa A au wa B. Uji kwanza, hesabu baadaye. Nilipita kwa bahati mbaya, nikachungulia dirishani kwa bahati mbaya zaidi. Ngendo alikuwa ubaoni akifanya hesabu za sehemu, theluthi na robo. Hakukosea. Aliandika jibu akaligeukia darasa akitabasamu, mdomo bado una uji.

Sijawahi kumwona akitabasamu. Nilisikia vizuri moyoni, kisha vibaya. Huyo ni mwanafunzi wangu. Kwa nini anajifunza kwa mwingine?

Wakonyo aliniona. Aliniuliza kama ninajua kuwa mtoto huyu ana akili kuliko wote waliopita mikononi mwake. Nilimjibu kwamba akili ni jambo la kupimwa, si la kusema. Alinitazama, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatatu, 5 Novemba

Leo ni siku mbaya.

Kadi za mtihani zimefika kutoka Thika, kila mtoto na namba yake. Darasa B, ishirini na nne. Darasa A, kumi na nane.

Nilidhani bahasha nyingine inakuja. Hakuna. Ndani kuna karatasi ya karani wa ofisi. Anashukuru kwa orodha mpya ya darasa langu, nadhifu kuliko ile ya Januari, ndiyo waliyoitumia kuandikisha watoto. Ile ya Januari ilikuwa na madoa ya chai. Chai yangu.

Sita hawana namba. Asiye na namba hafanyi mtihani. Mtihani ni tarehe ishirini. Masahihisho ya orodha yanafungwa Ijumaa hii.

Niligawa kadi. Watoto waliziweka kifuani kama picha za watakatifu. Wale sita walingoja. Niliwaambia zao ziko njiani. Watano waliangalia chini, wakaelewa, watoto wa kijiji kipya huelewa upesi. Ngendo alisema, "Asante, Mwalimu." Aliamini.

Wakonyo aliuliza kumetokea nini. Nikasema ni kosa dogo la ofisi na mimi ninalishughulikia. Alitaka kuandika barua yeye mwenyewe. Nikamkataza. Nilisema mambo ya ofisi yana njia zake.

Jumatano, 7 Novemba

Safari ya kwanza ya Thika. Nilikuwa na pasi ya kusafiri, mhuri, kila kitu. Pia nilibeba hesabu zangu zote, nikawaza kwamba nitakapomwomba Bwana Hollis masahihisho tutazungumza kidogo habari ya F.

Kwenye kizuizi cha barabara homgadi, askari mgambo wa serikali, aliniteremsha basini, akanipekua. Alizikuta karatasi. Kundi A, kundi B, kundi C! Namba safu kwa safu! Aliuliza makundi hayo yako wapi na kundi C linaongozwa na nani. Nikasema Muthoka. Aliandika jina hilo. Nikasema ni watoto wa darasa la nne. Akauliza basi kwa nini wanatofautiana ndani ya kundi, wamegombana?

Nilimtambua. Nilimfundisha mwaka wa 1949. Alipata sifuri kwenye kugawanya na nilimsimamisha kwenye kona. Naye alinitambua. Alinikalisha kwenye jiwe juani, akanitaka nimweleze hesabu yote tangu mwanzo, taratibu, hadi aelewe. Muda wa saa nne na nusu! Alielewa kila kitu isipokuwa kugawanya.

Aliniachilia saa tisa. Nilipofika Thika ofisi ilikuwa imefungwa. Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikawahi kabla ya amri ya kutotoka nje.

Ijumaa, 9 Novemba

Nitaandika hili kama lilivyotokea. Daftari hili halisomi mtu.

Nilifika Thika saa tatu asubuhi. Karani alinipeleka kwa Bwana Hollis. Njiani nilikuwa nimejisemea maneno yangu: Bwana, orodha ile haikuwa ya darasa zima, kuna watoto sita wengine, majina yao ni haya. Yote yangetosha kwenye pumzi moja. Karatasi yenye majina ilikuwa mfukoni mwa shati. Jina la Ngendo lilikuwa la kwanza, nililitanguliza ingawa alfabeti haikuruhusu.

Bwana Hollis alisimama! Alinipa mkono! Juu ya meza yake kulikuwa na karatasi yangu, ile ya wino mweusi, na kando yake 9.8 imezungushiwa duara jekundu. Alisema, "Mzuri sana, Mwalimu. Wewe iko na akili kweli." Alisema hajawahi kuona kazi kama hiyo kwa Mwafrika wala kwa Mzungu wa wilaya hii. Alisema anaandika Nairobi habari zangu wiki ijayo. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia koti la mvua.

Kisha akauliza nina shida gani nyingine.

Nilifungua mdomo. Nikaona itakavyokuwa. Nikimpa majina sita, ataniuliza kwa nini hayakuwemo. Nikimjibu, ile tisa nukta nane inakuwa tena nukta tano tatu, na mimi nakuwa mwongo mbele ya duara jekundu. Niliisukuma karatasi ya majina ndani zaidi ya mfuko.

Nilisema sina shida, Bwana. Nashukuru.

Nilitoka. Nje nilikutana na Muthoka akiegemeza baiskeli yake, amekuja kuchukua chaki. Alinisalimu vizuri, akauliza watoto hawajambo. Nilimwambia hawajambo, wote. Nilikwenda nyuma ya ofisi, penye mkonge, nikalia kidogo. Si sana. Basi la Ruiru lilikuwa linaondoka saa sita.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimemweleza Wamboi. Nilianza kwa F, nikaeleza vizuri, nikamalizia na watoto. Aliacha kumenya viazi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema tu, "Baba Waweru, nenda kamwambie mama yake. Leo. Asije akamfulia mtoto nguo bure."

Nikasema nitakwenda siku inayofaa. Jumamosi mama huyo anachimba handaki, haifai kumkatiza.

Jumanne, 20 Novemba

Siku inayofaa haikupatikana.

Ngendo alifika wa kwanza. Gauni lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, mstari wa pasi ulionekana mabegani. Penseli mbili, zote zimechongwa. Nywele zimesukwa upya. Mama yake alimsindikiza hadi langoni, akanipungia mkono, akakimbia kwenda kuhesabiwa kazini. Nami nilimpungia.

Wale watano wengine hawakuja. Wapo mashambani tangu juma lililopita, msimu wa kahawa umeiva.

Msimamizi wa mtihani hutoka shule nyingine. Aliletwa Muthoka. Alisoma namba moja moja, watoto wakaingia. Ngendo alibaki peke yake mlangoni. Muthoka alitazama orodha, akaigeuza, akatazama nyuma. Akaniita. Mbele ya mtoto akaniuliza kuna nini. Nikasema ni kosa la ofisi. Ngendo akageuka kunitazama. Hakulia. Alikuwa akingoja nitoe kadi mfukoni, nadhani. Alitazama mfuko wangu.

Muthoka ni mtu asiyevunja sheria. Hakumruhusu kuingia. Alichukua karatasi moja ya ziada, akampa, akamwambia kwa upole, "Kaa hapo kwenye ngazi, mama. Fanya tu." Mtoto akakaa kwenye ngazi, akaweka karatasi juu ya magoti. Alifanya saa mbili nzima, jua likamhamia, hakuinua kichwa. Alipomaliza alimkabidhi Muthoka kwa mikono miwili kama wengine. Akauliza matokeo yatatoka lini.

Karatasi hiyo Muthoka aliniletea mimi. Kisha alipanda baiskeli yake na kwenda. Wakonyo alikuwa ameona yote. Alinijia, akasema, "Ulisema unashughulikia." Nilitaka kueleza. Alikuwa amekwisha kwenda kumtafuta Ngendo, akamkuta nyuma ya jiko akifuta vumbi kwenye gauni, asije mama yake akaliona.

Najuta. Nimeandika najuta, na ni kweli.

Jumatano, 21 Novemba

Nimesahihisha karatasi ya Ngendo kwa haki, bila kumpendelea. Tisini na moja.

Mchana wote sikuweza kula. Kisha, kwa vile penseli ilikuwa mkononi, nilikokotoa. Kama angekuwemo, wastani wa kundi A ungepanda. Ningeshinda na yeye ndani! Nimejipiga kofi pajani. Nani angejua? Alama ya Oktoba ilikuwa 12. Namba ilisema wazi kabisa kwamba mtoto hawezi.

Jumatatu, 3 Desemba

Barua ya Bwana Hollis. Nilivaa tai kabla ya kuifungua.

Anasifu kazi yangu tena. Anasema ameitafakari na ameona jambo ambalo pengine mimi mwenyewe, kwa unyenyekevu, sikulitaja. Darasa langu lina watoto kumi na wanane, ya wengine yana ishirini na wanne. Kwa hiyo siri si mwalimu. Siri ni udogo wa darasa! Ameandika Nairobi juu ya faida za madarasa madogo na amenitaja katika maelezo ya chini ya ukurasa.

Usimamizi amepewa Muthoka. Anasema mtu aliyefikisha 49 kwa watoto ishirini na wanne anajua kubeba mzigo.

Mpanda ngazi hushuka, lakini mimi sikufika hata daraja la pili! Nimelala chali kitandani saa za mchana. Wamboi alisema watu wanaouliza habari zangu nje ni wachache, kwa hiyo nisijifiche sana.

Muthoka alikuja jioni akiwa bado na shati lake la zamani. Hakujisifu. Alisema jambo lake la kwanza akianza kazi Januari ni kuuliza ofisini kama Ngendo anaweza kurudia darasa la nne. Lakini alikwisha dokezewa kwamba darasa la nne halirudiwi, nafasi ni chache na wadogo wanasukuma kutoka chini. Alikunywa chai, akaaga. Nilimchukia kwa sababu hakunilaumu.

Jumapili, 9 Desemba

Mama Ngendo alikuja nyumbani baada ya kanisa. Nilipomwona langoni nilitaka kupitia mlango wa nyuma, lakini Wamboi alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni.

Hakuja kugomba. Alileta mayai mawili ndani ya leso. Amepata barua kutoka kwa mumewe na anataka nimjibie. Barua za huko husomwa na wakubwa kabla ya kufika, kwa hiyo lazima ziwe fupi, safi, bila kufutwa-futwa. Alisema mwandishi wake siku zote ni Ngendo, lakini tangu siku ya mtihani mtoto hataki kushika kalamu. Yupo shambani, anachuma kahawa, na jioni akirudi hukaa tu. Mama alisema labda ni uchovu. Aliniomba nisimkasirikie.

Barua ya mume ilikuwa mistari minne. Salamu, afya, Mungu yupo. Mstari wa nne uliuliza kama Ngendo amepita.

Nilishika kalamu. Mama huyo aliketi na viganja vyake magotini, vimechanika kwa sululu, akinitazama kwa heshima kubwa. Niliandika salamu. Niliandika afya. Kisha niliandika: "Darasa la nne A limefanya vizuri mwaka huu. Wastani wa darasa ni 65."

Aliniomba nimsomee. Nikasoma. Akauliza kama nimemtaja Ngendo. Nilimwambia hakuna haja ya jina, wastani ni wa darasa zima, kila mtoto yumo ndani yake. Uso wake ukang'aa. Alisema baba yake atafurahi sana kusikia yumo. Alinishukuru mara mbili, akaondoka na bahasha.

Alipokwisha kupita lango nilikumbuka kwamba Ngendo hayumo kwenye 65. Nilisimama nimwite. Lakini bahasha ilikuwa imekwisha gundishwa, na barua iliyofutwa-futwa haifiki.

Wamboi hajasema nami tangu hapo. Mayai ameyarudisha kwa Mama Ngendo mwenyewe, kwa miguu.

Nimekaa na kufikiri kwa utulivu mchana wote, na nimeona kosa langu lilipokuwa. Bwana Hollis aliliona mara moja: idadi hazikulingana. Mwakani nitaondoa sita katika kila darasa.